Kiyoyozi kinachojua kugeuka

Karatasi mbili zilikaa kwenye mlango wa friji kwa siku tisa, zimebanwa na sumaku yenye umbo la farasi. Kila aliyekwenda kuchukua maji alizisoma, akaguna, akaziacha hapo hapo. Ilikuwa Juni 2025, mjini Louisville, jimbo la Kentucky, nyumbani kwa mdogo wangu wa kike na mumewe, mzaliwa wa Bukavu, Kongo. Kiyoyozi cha nyumba kilikuwa kimekata roho usiku wa Jumamosi kwa mlio mmoja kama wa sufuria iliyoanguka sakafuni. Mafundi wawili walikuja siku mbili tofauti, na kila mmoja akaacha kotesheni yake. Ya kwanza ilikuwa ya kiyoyozi kipya cha nyumba nzima. Ya pili ilikuwa ya pampu ya joto, na iliizidi ya kwanza kwa dola elfu mbili na ushei.

"Kaka, si ndiyo kazi yako kusoma vitu?" mdogo wangu aliniambia. "Basi soma na hizi."

Nilikuwa nimekwenda kupumzika, na kusema kweli nilidhani nalikimbia joto la Dar es Salaam, kumbe lilikuwa limenitangulia. Louisville iko kando ya mto Ohio, na Juni yake ina ule unyevu tunaoujua sisi watu wa Pwani mwezi wa Februari na Machi, shati linagandamana na mgongo kabla hujafika getini. Tofauti ni kwamba kwetu nyumba ina baraza, ina madirisha yanayotazamana, ina mwembe uani. Nyumba ile ya mbao ilijengwa kwa kuitegemea mashine. Mashine ikifa, ghorofa ya juu inakuwa tanuri la mikate, na watu wazima wanalala sebuleni chini kwenye mikeka kama wageni wa msibani.

Kabla ya kuzisoma zile karatasi niliwauliza mafundi wote wawili kwa simu: hivi vitu viwili vinatofautiana nini? Wa kwanza alinijibu kwamba kimoja kinapoza na kingine ni "mambo mapya". Wa pili alijibu kwa sentensi moja ambayo nimekaa nayo tangu siku ile: ni mashine ile ile, ila hii inajua kugeuka.

Tuanze na friji lenyewe lililobeba zile karatasi. Peleka mkono nyuma yake, utakuta joto. Sehemu kubwa ya joto hilo ilikuwa ndani, kwenye maziwa, kwenye nyanya, kwenye maharage ya jana. Friji limelitoa huko na kulitupa jikoni. Ndani ya mabomba yake inazunguka kitu ambacho mafundi wetu hukiita gesi tu, ingawa sehemu ya safari yake huipitia kikiwa kimiminika. Ikiachiwa shinikizo, gesi hiyo hupoa mno na kufyonza joto popote linapopatikana. Ikigandamizwa na kompresa, hupata moto na kulitema joto hilo upande wa pili. Kiyoyozi ni friji ambalo chumba chako ndicho kabati lake. Na pampu ya joto ni kiyoyozi chenye valvu moja ya ziada, kipande cha shaba kinachoenea kiganjani, pamoja na vifaa vichache vya kukihudumia. Valvu hiyo ikigeuka, njia ya gesi inabadilika: koili iliyokuwa ikifyonza inaanza kutema, iliyokuwa ikitema inaanza kufyonza. Kiangazi mashine inatoa joto ndani na kulipeleka nje. Majira ya baridi inalitoa nje na kuliingiza ndani.

Hapo shemeji yangu alinikatisha. Joto gani liko nje wakati theluji imefika magotini?

Swali lake ni la haki, na watu wenye shahada wamelikosea. Gesi za mashine hizi huchemka karibu nyuzi 50 chini ya sifuri. Kwa kitu kinachochemka katika baridi ya namna hiyo, hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni kama jiko la mkaa. Joto lipo, ila kwa ngozi zetu halitoshi kuitwa hivyo. William Thomson, yule mwanafizikia aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza wazo hili mwaka 1852, nusu karne kabla ya kiyoyozi cha kwanza cha umeme. Ukumbi wa jiji la Zurich, Uswisi, ulianza kupashwa joto mwaka 1938 kwa pampu iliyokuwa ikilichota kutoka mto Limmat, mto ambao wachache wangeuogelea Januari kwa hiari yao. Haya si mambo mapya hata kidogo.

Faida yake ni ya hamali. Hita ya kawaida ya umeme inalima: uniti moja ya umeme inazaa uniti moja ya joto, basi. Pampu hailimi, inabeba, na kubeba gunia la mahindi ni kazi nyepesi kuliko kulilima shamba lake. Siku ya baridi ya wastani, uniti moja ya umeme inaweza kuingiza ndani uniti tatu za joto au zaidi. Lakini hamali naye ana mlima wake. Kadiri nje kunavyozidi kuwa baridi ndivyo mlima unavyosimama, na ile tatu inashuka kuelekea mbili. Fundi asiyekuambia habari ya mlima anakuuzia nusu ya ukweli.

Ndipo nikachukua kalamu, maana hapa maneno hayasaidii. Nyumba ya mdogo wangu ilikuwa na tanuri la gesi asilia chini ya nyumba, la miaka tisa, bado zima. Tanuri na kiyoyozi vilikuwa vikitumia feni moja na mabomba yale yale ya bati yanayosambaza hewa vyumbani. Gesi asilia Marekani huuzwa kwa kipimo kiitwacho themu, ambacho ni sawa na uniti 29.3 za nishati. Tuchukue bei ya mfano: themu moja dola 1.20, uniti moja ya umeme senti 13. Tanuri zuri lenye ufanisi wa asilimia 95 litakupa kwenye themu hiyo uniti 27.8 za joto, yaani senti 4.3 kwa kila uniti. Pampu inayobeba tatu kwa moja itakupa uniti ya joto kwa senti 13 gawanya kwa tatu, ambayo nayo ni senti 4.3. Sare kabisa. Nje pakiwa na baridi ya kuvaa sweta tu, pampu inabeba tatu na nusu na inashinda kidogo. Usiku wa nyuzi 8 chini ya sifuri inabeba mbili na kitu, na gesi inashinda.

Mdogo wangu aliitazama ile hesabu, akanitazama na mimi. Alikuwa ameambiwa na jirani kwamba pampu "inajilipa yenyewe". Kwa nyumba iliyounganishwa na bomba la gesi ya bei nafuu, haijilipi upesi hivyo, na anayekuambia vinginevyo muombe akuonyeshe karatasi zake za bili. Kwa nyumba nyingine hesabu inageuka juu chini. Anayechoma mafuta au gesi ya mitungi, na zaidi yao anayepasha nyumba kwa hita za umeme zilizojificha ndani ya mabomba ya hewa, hana haja ya kalamu. Huyo wa mwisho analipa senti zote 13 kwa uniti ya joto ambayo jirani yake mwenye pampu anaipata kwa senti nne au tano.

Ndiyo maana jimbo la Maine, kule juu kaskazini mashariki ambako baridi si ya mchezo, ndilo lililokuja kutolewa mfano. Nyumba nyingi za Maine zimezoea kuchoma mafuta, na mafuta yanapopanda bei watu hulala na makoti. Mwaka 2019 Gavana Janet Mills aliweka lengo la kufunga pampu 100,000 kufikia 2025. Lengo lilivukwa mwaka 2023, miaka miwili kabla ya wakati. Portland na Lewiston, miji miwili ya jimbo hilo, ina Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi waliokuja kutafuta hifadhi, na kwa hiyo Kiswahili kimeshafika kwenye mazungumzo ya pampu za joto bila kusubiri Baraza lolote la Kiswahili litoe istilahi. Kwa nchi nzima, mwaka 2022 pampu za joto zilizouzwa Marekani ziliyapita matanuri ya gesi. Na huko Norwei, ambako hakuna atakayewafundisha watu baridi ni nini, nyumba nyingi zinazo.

Turudi kwenye karatasi za friji, maana kulikuwa na jambo ambalo kwangu mimi lilikuwa kubwa kuliko pampu na kiyoyozi vyote viwili.

Fundi wa kwanza alisimama nje, akasoma kibati cha mashine iliyokufa, tani tatu na nusu, akaandika tani nne. "Msije mkateseka," alisema. Alikaa dakika kumi na tano, na ishirini pamoja na soda. Fundi wa pili alikaa saa mbili. Alipima madirisha na kuuliza yanatazama wapi, akapanda darini na kurudi na vumbi kichwani, akauliza wanalala wangapi, akaandika vipimo vyake vyote kabla ya kugusa bei. Kotesheni yake ilisema tani mbili na nusu.

Tani hapa haihusu uzito wa mashine. Zamani, majumba yalipopozwa kwa barafu, walipima ubaridi kwa barafu: tani moja ni ubaridi unaotokana na tani moja ya barafu kuyeyuka kwa saa 24. Kwa vipimo tulivyovizoea madukani Kariakoo ni BTU 12,000, ile AC ya chumba cha kulala tunayoisema kila siku. Kwa hiyo fundi wa kwanza alitaka kufunga AC nne za Kariakoo kwenye nyumba ambayo mbili na nusu zilitosha.

Kuna ubaya gani? Kubwa si bora? Hapa ndipo mtu wa Pwani anapaswa kuelewa upesi kuliko Mmarekani. Mashine iliyozidi inaishusha nyumba hadi nyuzi zilizowekwa kwa dakika chache, kisha inajizima. Inakuwa imepoza hewa bila kupata muda wa kuikausha. Baada ya muda inawaka tena, inazima tena, kompresa inachoka, na nyumba inabaki na baridi yenye majimaji, baridi ya pangoni, shuka zinanata. Kukausha hewa si kazi ya pembeni ya kiyoyozi. Ndiyo iliyokizaa. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 alikuwa anakihudumia kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu hata rangi zikashindwa kukaa mahali pake. Starehe ya wafanyakazi haikuwa hoja. Karatasi ndiyo iliyokuwa inatoka jasho.

Huyu fundi wa pili alifanya na jambo jingine. Alimshika shemeji mkono, akampeleka chini ya nyumba, akamwambia aweke kiganja kwenye kiungo kimoja cha bomba la bati. Upepo ulikuwa unavuma humo kama feni. Mpango wa serikali ya Marekani uitwao Energy Star unakadiria kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye mabomba hupotelea njiani kwa matundu na viungo vibovu. Kwa miaka yote waliyokaa pale walikuwa wakiwapoza panya. Shemeji alinunua gundi ya kuzibia na brashi, akaingia kazini Jumamosi mbili, na kwa maoni yangu zile dola chache zilikuwa na thamani kuliko nusu ya yaliyoandikwa kwenye kotesheni zote mbili. Kama fundi wa pili angekuwa anauza kiyoyozi cha kawaida, ningewashauri wamchukue yeye vile vile.

Kwenye karatasi yake kulikuwa pia na mstari mdogo kuhusu aina ya gesi, wenye namba ambazo hazimwambii mtu chochote. Gesi ya R-410A, iliyotawala kwa miaka mingi, inaondoka. Kilo moja yake ikivuja angani inapasha dunia kuliko kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Kuanzia 1 Januari 2025 mitambo mipya ya majumbani inayotengenezwa kwa soko la Marekani imehamia kwenye gesi nyepesi kwa tabianchi, hasa R-454B na R-32, ambazo zinaweza kushika moto kidogo na zinataka fundi aliyefundishwa. Nilimweleza shemeji kwamba chanzo cha mabadiliko haya ni makubaliano ya Oktoba 2016 yaliyofikiwa Kigali, ndiyo yanaitwa Marekebisho ya Kigali.

"Kigali?" alisema. "Kigali imefikaje kwenye AC yangu?"

Bukavu ilikuwa imetekwa na waasi wa M23, wanaodaiwa kuungwa mkono na Kigali, mwezi Februari mwaka ule ule, na simu za kwao zilikuwa zinapatikana siku moja, siku tatu hazipatikani. Hatukuliendeleza hilo. Nilimwambia tu jambo linalomhusu mfukoni: usinunue mtambo wa zamani wa R-410A uliobaki stoo kwa sababu ya bei, kwani gesi yake itazidi kuadimika na siku ikivuja utaitafuta kwa tochi.

Tarehe 4 Julai, fataki zikiwa zinalia mjini, Rais Donald Trump alisaini sheria ambayo miongoni mwa mambo yake mengi ilifuta punguzo la kodi la mashine hizi. Chini ya sheria ya mwaka 2022 ya utawala wa Joe Biden, aliyefunga pampu ya joto yenye ubora unaotakiwa alipunguziwa kodi kwa asilimia 30 ya gharama, isizidi dola 2,000. Kiyoyozi cha kawaida kilipewa mwisho dola 600. Sheria mpya ilisema punguzo hilo halitahusu mtambo utakaofungwa baada ya 31 Desemba 2025. Anayezisoma habari hizi sasa na kupiga hesabu ya nyumba yake asiliweke kabisa, atazame kama jimbo lake au kampuni yake ya umeme ina lake. Na hata lilipokuwepo halikuwa pesa ya mkononi. Lilikata kodi unayodaiwa, na asiyedaiwa hakuambulia kitu. Kwa mdogo wangu na mumewe, ambao wote wanafanya kazi na wanadaiwa, ule muda mfupi uliobaki ulifuta sehemu kubwa ya tofauti kati ya karatasi mbili.

Walichoamua hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Tanuri la gesi la miaka tisa bado lina maisha, kwa nini ling'olewe? Fundi wa pili alikubali kuweka pampu mahali pa kiyoyozi kilichokufa na kuliacha tanuri lilipo, vyote viwili chini ya amri ya themostati moja. Nje pakiwa juu ya nyuzi 2, pampu inapasha nyumba. Pakishuka chini ya hapo, pampu inalala na tanuri linaamka. Hamali anabeba kwenye tambarare, na mlima ukianza anapokelewa na lori. Kule wanaufahamu mtindo huu, ingawa hauwauzii wauzaji tanuri jipya.

Swali la umeme kukatika lilikuja pia, na mtu aliyekulia Bukavu haulizi kama utakatika, anauliza lini. Desemba 2022, baridi kali ilipopiga, shirika la TVA linalozalisha umeme wa Tennessee na sehemu za majimbo jirani, Kentucky ikiwemo, lililazimika kukata umeme kwa mgawo kwa mara ya kwanza katika historia yake. Shemeji alidhani tanuri la gesi lingewaokoa siku ya namna hiyo. Lisingewaokoa. Gesi ingekuwepo, lakini feni ya kuisukuma hewa ni ya umeme, na tanuri lisilo na feni linakataa kuwaka. Kwenye giza, pampu na tanuri ni maiti wawili sawasawa.

Mtambo ulifungwa katikati ya Julai. Ulifanya kazi yake kwa ukimya wa kunitia mashaka, kwani niliuzoea mngurumo. Watoto walirudi juu kulala. Mimi nikarudi Dar.

Novemba simu ikaja. Mdogo wangu alikuwa amejifunga kitenge mabegani na sura ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Kaka, hii kitu haipulizi moto. Ni vuguvugu tu."

Nilimuuliza nyumba ina nyuzi ngapi. Akaenda kutazama, akarudi: 21, kama alivyoweka. Basi kazi inafanyika. Tanuri la gesi linapuliza hewa ya nyuzi 50 na zaidi, unaisikia ikikuchoma vifundo vya miguu, kisha linazima na nyumba inaanza kupoa. Pampu inapuliza hewa ya nyuzi 32 hadi 38, ambayo mkononi ni kama maji ya kuogesha mtoto, kwa sababu mkono wenyewe una joto linalokaribia hilo. Inapuliza taratibu, muda mrefu, na kuta zinapata joto pamoja na watu. Ilimchukua wiki mbili kuacha kusimama juu ya tundu la hewa akisubiri moto. Nilimwonya na jambo moja: aache tabia ya kushusha themostati usiku na kuipandisha kwa nguvu alfajiri. Kwenye mtambo wao themostati ingekimbilia tanuri. Kwenye nyumba zisizo na tanuri ni mbaya zaidi, inawasha hita za umeme za dharura, zile za senti 13, na mwenye nyumba anashangaa bili mwisho wa mwezi akidhani ameibiwa. Wapo wapangaji wanaozungumza Kiswahili katika majengo ya Marekani wanaoishi na hita hizo bila kujua. Hawakuchagua mashine, mwenye jengo ndiye aliyechagua, ila bili inakuja kwa jina lao.

Ya Januari ilikuwa simu ya video, saa kumi na mbili asubuhi kwao. Picha ilikuwa inaruka ruka. Shemeji alikuwa nje kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka kwa kandambili, ndoo ya maji mkononi. "Iko inawaka! Angalia moshi!"

Nyuma yake mashine ilikuwa imefunikwa na wingu jeupe linalopanda hadi kwenye paa la jirani. Nilipiga kelele asiimwagie maji. Ule ulikuwa mvuke. Koili ya nje, ikifyonza joto kwenye hewa baridi yenye unyevu, inaota barafu. Barafu ikizidi, ile valvu ya shaba inageuka yenyewe kwa dakika chache, joto la ndani linarudishwa nje, barafu inayeyuka na kufuka. Wakati huo feni ya nje inasimama, kisha mashine inatoa mkoromo na kugeuka tena. Tulikuwa bado tunabishana wingu lilipokatika. Feni ikaanza kuzunguka. Shemeji akabaki amesimama na ndoo yake, jirani akimpungia mkono dirishani.

Nilipokata simu niliitazama AC yangu ya ukutani, hapa nyumbani Tabata. Rimoti yake ina picha tano ndogo, na mojawapo ni jua. Kwa miaka sita sikuwahi kulibonyeza, nani Dar anaomba joto? Sasa nilijua jua lile ni nini, ni pampu ya joto kamili, imekaa ukutani kwangu muda wote nami nikaiita AC. Nikavumilia hadi usiku mmoja wa baridi ya mvua, nyuzi 23, nikabonyeza jua.

Feni ilizunguka, na hewa ilikuwa ya kawaida. Nilisubiri dakika ishirini nimenyoosha kiganja hewani, mke wangu akaniuliza kama ninaumwa. Kesho yake nilimwita fundi wa mtaani. Alifungua kifuniko cha mashine ya nje, akamulika kwa simu, akaguna.

"Hii ni ya kupoza tu, mzee. Valvu hawakuweka. Rimoti wanatengeneza moja kwa dunia nzima, jua linakuja nayo hata kama mashine hailijui."

Nilimuuliza kama valvu inaweza kutiwa. Alinitazama kwa muda, kisha akatazama mwembe, na jasho lililokuwa likimtiririka usoni.

"Uitie ili iweje?" alisema, akachomoa filta zangu zilizojaa vumbi na kuanza kuzigonga ukutani.